Viwanda Vyetu na Moto Unaopotea Bure

Mtu akipita Barabara ya Nyerere Jumapili alfajiri, kati ya TAZARA na Kipawa, atakuta milango ya viwanda vingi imefungwa na walinzi wamekaa vitini. Lakini akitega sikio penye ukuta wa baadhi ya viwanda hivyo, atasikia ndani mlio mwembamba usiokatika, kama wa nyoka aliyeudhiwa. Huo ni upepo ulioshindiliwa kwa nguvu za umeme, unaotoroka katika matundu ya mabomba wakati hakuna hata mkono mmoja unaoutumia. Kompresa huushindilia tena, tundu huutoa tena, na mita ya TANESCO huhesabu. Wafanyakazi waliolala Kiwalani, ng'ambo ya barabara, waujua mlio huo kuliko wenye kampuni, maana wao huusikia kutwa kucha katika zamu zao, na wenye kampuni huiona ankara tu mwisho wa mwezi.

Leo twapenda kusema juu ya mlio huo na mambo yanayofanana nao.

Siku hizi makampuni makubwa yana maneno mapya. Yasema kwamba yatatumia nishati kwa uangalifu, yatapunguza hewa ya ukaa, yatalinda tabianchi. Na maneno hayo hupigwa chapa katika vitabu vya rangi nzuri. Sisi hatuyapingi. Mwaka 2021 nchi yetu iliahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesi zinazoipasha dunia joto kwa asilimia 30 hadi 35 ya kiasi ambacho kingetoka kama tusingechukua hatua. Na watu wa bonde la Msimbazi hawana haja ya mwalimu wa kuwaeleza maana ya mvua isiyo na adabu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo neno lenyewe ni jema. Twauliza tu: kitakachopunguzwa kitapunguzwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Swali hili lawahusu zaidi wale wanaofanya kazi katika makampuni yenye biashara nyingi chini ya jina moja. Kampuni za namna hiyo twazo, nazo si ndogo. Bakhresa husaga unga, hutengeneza maji ya matunda, huendesha meli za kwenda Unguja, huonyesha televisheni, na sasa hutengeneza sukari Bagamoyo. MeTL ina mashamba ya mkonge, viwanda vya nguo, vya mafuta ya kula na vya sabuni. Twazitaja kwa sababu kila msomaji azijua, wala si kwa sababu tuna shauri nazo. Jambo tunalolisema ni la kampuni yoyote iliyo na milango mingi.

Katika kampuni yenye milango mingi hasara hupata mahali pengi pa kujificha. Faida ya unga hufunika uvujaji wa chumba cha baridi, na nauli za meli hulipia dizeli ya lori lililosimama saa tatu huku injini inanguruma. Mwisho wa mwaka mhasibu hujumlisha yote katika mstari mmoja ulioandikwa "nishati", na mkurugenzi akiutazama mstari huo hawezi kujua ni mlango gani uliobadhiri. Basi huamuru kila idara ipunguze sehemu ileile. Amri hiyo huonekana ya haki, kumbe ni ya upofu: idara iliyokwisha kujibana hubanwa tena mpaka kazi iharibike, na idara iliyokuwa ikitapanya hupunguza kidogo ikapongezwa.

Kuna upofu mwingine ulio mpya, na yafaa wafanyakazi waujue mapema. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Kabla ya hapo zaidi ya nusu ya umeme wa gridi yetu ulitokana na gesi asilia; sasa sehemu ya maji imekuwa kubwa sana. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kiwanda cha Kiwalani kinachotumia yuniti zilezile za umeme, kwa mota zilezile kuukuu na matundu yaleyale, kitaandika katika kitabu chake kwamba hewa ya ukaa imepungua. Hakikufunga hata skrubu moja. Kazi ilifanywa na maji ya Rufiji na fedha za wananchi. Kampuni itakayojisifu kwa upungufu huo itakuwa yajivika nguo ya jirani, na baraza la wafanyakazi lina haki ya kuuliza: katika upungufu huu, wetu ni upi na wa Rufiji ni upi?

Wala asitokee mtu akasema kwamba kwa kuwa umeme sasa ni wa maji basi kuubana hakuna maana. Mgawo wa umeme wa 2006, wa 2011 na wa 2023 hatujausahau. Kila yuniti inayotoroka Kiwalani ni yuniti ambayo ingesukuma pampu ya kijiji au kuwasha taa ya zahanati, na waya na transfoma za mji huu huchoka kwa mzigo wa bure sawasawa na wanavyochoka kwa mzigo wa kazi.

Lakini turudi kiwandani, maana huko ndiko mambo yalipo.

Upepo wa kompresa ni nishati ya ghali kuliko zote kiwandani, ingawa wengi huuona kama hewa ya bure. Katika umeme unaoingia kwenye kompresa, ni kama sehemu moja tu ya kumi inayofika kwenye kifaa ikafanya kazi. Nyingine hugeuka joto. Tundu la upana wa milimita 3, kwa mgandamizo wa kawaida wa viwandani, hula karibu kilowati 3 na nusu. Kompresa isipozimwa mwaka mzima, tundu hilo moja limekula yuniti 30,000 hivi. Na kiwanda kikubwa hakina tundu moja. Dawa yake ni sabuni ya maji na brashi ya kutafutia povu, mipira mipya ya viungo, na valvu ya kufunga sehemu isiyotumika. Fundi yeyote wa zamu aweza kuifanya kazi hiyo akipewa saa mbili kila juma, na hapo ndipo penye matatizo, kwa kuwa saa hizo mbili wasimamizi huziita saa za uvivu.

Tutazame mafeni na pampu. Mara nyingi hizi hukimbia kwa kasi yote kutwa, na kiasi kinachohitajiwa hupunguzwa kwa kuziba njia, kama mtu anayeendesha gari huku mguu mmoja uko kwenye mafuta na mwingine kwenye breki. Maumbile ya feni ni kwamba ikipunguzwa kasi kwa sehemu moja ya tano, umeme inaoutaka hupungua karibu nusu. Kifaa cha kurekebisha kasi ya mota chajulikana, chauzwa Kariakoo na hufungwa na mafundi wetu. Hata hivyo idara ya manunuzi hununua mota ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu mnunuzi hupimwa kwa bei ya kununulia. Mota hiyo ikifanya kazi usiku na mchana itakula umeme wenye thamani inayoizidi bei yake mara nyingi, lakini umeme huo utaandikwa katika daftari la idara nyingine. Tazama jinsi kampuni moja inavyojidanganya yenyewe kwa madaftari mawili.

Boila nazo zina habari yake. Tangu gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, viwanda kadhaa viliacha mafuta mazito vikawasha gesi, na hilo lilipunguza moshi na gharama kwa pamoja. Tuliona vema na twaona vema hata leo. Lakini gesi nayo ni mafuta yanayochomwa, na mvuke unaopotea ni mvuke unaopotea, uwe ulipikwa kwa gesi au kwa kuni. Bomba la mvuke lisilovikwa kizuia joto hupasha paa la kiwanda joto na kuwachosha wanadamu walio chini yake. Maji ya moto yanayobaki baada ya mvuke kumaliza kazi yangeweza kurudishwa ndani ya boila yakiwa bado ya moto; badala yake mahali pengi humwagwa mtaroni, kisha boila hupewa maji baridi ianze upya.

Na liko jambo ambalo hata wafanyakazi wengi hawalijui, nalo ni gesi ya kupoozea katika vyumba vya baridi. Baadhi ya gesi hizo, zikivuja, hupasha dunia joto kwa nguvu ya kutisha. Ile iitwayo R-404A, kilo kwa kilo, huizidi hewa ya ukaa karibu mara 3,900. Fundi akijaza kilo 10 badala ya zile zilizovuja, amefuta kwa siku moja akiba ya jasho la mwaka mzima, kwa kuwa kilo hizo 10 ni sawa na kuchoma lita zaidi ya 14,000 za dizeli. Mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuzipunguza gesi za aina hiyo. Kampuni inayotengeneza vinywaji, maziwa au aiskrimu, isipoandika katika daftari ni kilo ngapi za gesi ya kupoozea ilizozinunua kwa mwaka, hesabu yake ya hewa ya ukaa ni porojo. Kila kilo iliyonunuliwa kujazia mtambo wa zamani ni kilo iliyokwenda hewani.

Malori hatutayasemea sana. Kila dereva ajua kwamba lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa, au kama hajui hiyo ajua bei yake. Foleni ya kuingia bohari ndiyo adui. Mtu aliyepanga saa za kupakia katika ofisi yenye ubaridi hajapata kulala chini ya lori kumngojea karani.

Dawa ya upofu ni mita. Kila idara iwe na mita yake ya umeme, ya gesi, ya mvuke, ya dizeli. Na hesabu isiandikwe kwa idara nzima tu bali kwa kila tani ya unga, kila katoni ya maji ya matunda, kila abiria aliyevushwa. Hapo ndipo kiwanda cha sabuni hakitajificha nyuma ya kiwanda cha unga. Na hapo ndipo kampuni yenye milango mingi yaweza kupata faida ambayo mwenye mlango mmoja hana: taka za mlango mmoja kuwa kuni za mwingine.

Mifano ipo hapa kwetu. Katika jani la mkonge nyuzi ni sehemu ndogo mno, asilimia chache tu. Yote yaliyobaki yalikuwa yakitupwa yaoze, na yakioza hutoa gesi ya methani ambayo ni mbaya kuliko hewa ya ukaa. Huko Hale, mkoani Tanga, Katani Limited ilijenga mwaka 2007 mtambo wa kuigeuza taka hiyo kuwa gesi na gesi kuwa umeme wa kilowati 150, mtambo wa kwanza wa namna hiyo duniani kwa zao la mkonge. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, huchoma makapi ya miwa yake mwenyewe, huendesha mitambo yake, na kimekuwa kikiiuzia TANESCO umeme unaozidi. Mambo haya hayakuletwa na malaika.

Lakini tusiwe watu wa kushangilia upande mmoja. Ndugu zetu wa Kenya walikuwa na kiwanda cha sukari cha Mumias, na mwaka 2009 kiwanda hicho kilianza kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa na kuingiza megawati 26 katika gridi ya taifa. Kilisifiwa kila mahali. Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, kilikuwa mikononi mwa mfilisi, na wakulima na wafanyakazi wakidai fedha zao. Mtambo wa umeme haukuwa na kosa. Kampuni yenyewe ndiyo iliyooza kwa madeni na kwa uongozi. Twalisema hili kwa sababu wako watakaowaambia wafanyakazi wetu kwamba mitambo mipya ya kuokoa nishati itaokoa kila kitu pamoja na kazi zao. Haiwezi. Huokoa nishati tu, na fedha iliyookolewa huenda mahali ambapo wenye mamlaka wameipeleka.

Hiyo fedha ndiyo tuizungumzie wazi. Tumezoea kuona kwamba amri ya kubana matumizi ikishuka kutoka juu, kitu cha kwanza kuzimwa ni feni ya kumpoza mshona magunia, cha pili ni taa ya choo, cha tatu ni basi la kumrudisha nyumbani mfanyakazi wa zamu ya usiku. Umeme wa vitu hivyo ni tone. Kompresa yenye matundu ni mto. Mwanamke anayetoka kazini saa 6 usiku akatembea kwa miguu hadi Kiwalani kwa sababu basi limeondolewa "kwa ajili ya mazingira" ameibiwa, na mazingira hayakupata kitu. Dar es Salaam ya Februari si mahali pa kumwambia mtu afanye kazi mbele ya tanuri bila upepo. Twasema akiba yoyote inayotokana na mwili wa mfanyakazi isiandikwe katika kitabu cha akiba ya nishati.

Wazee watakumbuka miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu, magari ya binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Watu walitii, na baadhi walibuni hila za kuchekesha kabisa. Amri ile ilikuwa na sababu yake. Lakini amri huzuia gari barabarani. Haiwezi kusikia mlio wa tundu nyuma ya mashine. Anayesikia ni yule aliyesimama hapo kwa saa nane.

Kwa hiyo kazi hii haiwezi kufanywa na mshauri aliyeletwa kwa ndege akae siku tano hotelini. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi apate sauti juu ya mipango ya kazi na wala si juu ya mshahara tu. Fikira ile haikuzeeka. Katika makampuni ya watu binafsi, matawi ya TUICO na viongozi wengine wa wafanyakazi wadai katika mikataba yao ya pamoja kwamba hesabu za mita zibandikwe ubaoni kila mwezi, kwamba anayeonyesha uvujaji aandikwe na kulipwa, na kwamba sehemu ya fedha iliyookolewa iliyotajwa kwa tarakimu iingie katika ujira. Mwenye kampuni asione kwamba hii ni fadhila. Akimpa fundi sehemu ya akiba, fundi atalitafuta tundu. Asipompa, tundu litabaki siri ya fundi na tundu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, iliagiza kila mahali panapotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka pakaguliwe matumizi ya nishati kila baada ya miaka mitatu, na angalau nusu ya akiba iliyoonekana itekelezwe. Sisi tuna Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2024 hadi 2034. Mkakati ni jambo jema, ila twataka uwe na meno: ukaguzi wa lazima kwa watumiaji wakubwa, na mkaguzi azungumze na wafanyakazi bila msimamizi kusimama mlangoni. Na kampuni itakayotaka kununua hati za misitu ili ionekane safi, kwa kuwa biashara hiyo sasa ina kanuni zake za mwaka 2022, ionyeshe kwanza mabomba yake.

Limebaki jambo la jikoni. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia 31 Januari 2024. Kiwanda kinachotii agizo hilo kwa kufunga jiko lake, kikawaacha wafanyakazi wakale nje ya lango kwa mama lishe anayepikia mkaa, hakikupunguza moshi hata kidogo. Kimeuhamisha tu kutoka upande huu wa ukuta hadi upande ule, na kimempa mama yule aubebe kifuani mwake. Twazitaka kampuni za Barabara ya Nyerere zirudishe majiko ya kuwalishia wafanyakazi, zitumie gesi ileile inayowasha boila zao. Na pale ambapo wafanyakazi wenyewe wapenda chakula cha mama lishe, maana mara nyingi ni kitamu zaidi, basi ziwakopeshe akina mama wa langoni majiko na mitungi ya gesi kwa masharti yasiyo na riba. Mitungi ya akina mama wa lango moja si mzigo kwa kampuni yenye malori mia.